Sura ya Nne: Nauli ya Kurudi

Mjini Sumbawanga kuna hospitali yenye jina la Dk. Atiman. Wagonjwa wanaoshuka kwenye daladala na bodaboda hulitaja jina hilo kila siku, na wengi hudhani ni daktari fulani wa zamani, basi. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Mto Niger, upande wa Timbuktu, Afrika Magharibi. Alikuwa mtoto alipoibwa na kuuzwa, akavushwa jangwa la Sahara kama gunia la chumvi, mpaka Mapadri Weupe walipomkomboa kwa fedha. Wakamsomesha, wakampeleka Malta kujifunza udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hakuondoka tena. Alitibu watu wa huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Naanza naye kwa sababu mbili. Ya kwanza ni heshima: mtoto aliyewahi kuwa na bei ndiye aliyewafunga vidonda babu zetu. Ya pili ni kwamba hadithi kama yake ndiyo inayotujia kichwani tukisikia watu wanauzwa. Tunaona msafara, bunduki na mnyororo shingoni. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa kweli ilipita kando ya ziwa letu, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Kumbukumbu hiyo imetufundisha kutafuta mnyororo. Kwa kuwa mnyororo haupo, tunasema mambo hayo yaliisha.

Jina la kisheria la kosa hili nalo linatupoteza. Linaitwa usafirishaji haramu wa binadamu. Ukisikia usafirishaji, mawazo yanakimbilia barabarani: lori lililofunikwa turubai, vijana wa Ethiopia waliokamatwa Mbeya au Tunduma wakielekea kusini, picha ya watu wamekalishwa chini mbele ya kituo cha polisi. Wengi wa vijana wale wamemlipa mtu awavushe mipaka kinyemela. Hilo ni kosa la uhamiaji, na wapo wanaogeukwa njiani na kutumikishwa. Lakini kosa la sura hii halihitaji lori, mpaka wala usiku. Sheria Na. 6 ya mwaka 2008, iliyotungwa miaka miwili baada ya Tanzania kuridhia Itifaki ya Palermo, mkataba wa kimataifa dhidi ya kosa hili, inatazama jinsi mtu alivyochukuliwa, njia iliyotumika, kama vile hila, nguvu au kumtumia mtu kwa shida zake, na lengo lenyewe, yaani kumnyonya. Akiwa mtoto, chini ya miaka 18, hata hiyo hila si lazima ithibitishwe. Ridhaa yake, au ya mzazi wake, haimwokoi mshtakiwa.

Maana yake ni kwamba binti anaweza kupanda basi stendi ya Sumbawanga kweupe, tiketi mkononi, mama yake akimpungia mkono, na bado akawa ameuzwa.

Nimesoma orodha nyingi za dalili za hatari, na nyingine ni nzuri. Zinataja michubuko, hofu, macho yaliyoinama. Shida ni kwamba mtoto wa Kifipa aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mtu mzima, na mgeni yeyote mjini ana hofu. Kwa hiyo nimejifunza kushika swali moja na kulizungusha kila upande: akitaka kurudi nyumbani kesho, atarudije? Nauli anayo nani? Simu iko kwa nani? Anajua jina la mtaa anakokwenda? Akitoka nje ya geti, kuna mtu mmoja anayemfahamu yeye, siyo tajiri wake? Majibu yakikosekana, hapo ndipo pa kusimama.

Wachukuaji wana msimu wao, kama wanunuzi wa mahindi. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kuanzia hapo hadi kidato cha kwanza kinapoanza Januari, mtoto wa miaka 13 au 14 yuko nyumbani, hana sare wala kengele ya kumwita. Ni miezi hiyohiyo ambayo ghala linaanza kulia. Uwanda wa juu wa Ufipa unalisha watu wengi kwa mahindi na maharage yake, lakini mkulima mdogo mara nyingi ameshauza magunia yake mwezi wa saba kwa bei ya mavuno, ili alipe deni la mbolea. Ada ya sekondari ilifutwa tangu 2016, ila madaftari, viatu, godoro la bweni na michango havijafutwa. Mvua zinanyesha, chakula kinahesabiwa, na ndipo mgeni anapobisha hodi.

Mara nyingi hata mgeni si neno lake. Ni shangazi wa upande fulani, au binti wa jirani aliyetangulia mjini na sasa ana nywele za kusuka na simu ya kupangusa. Amekuja na kilo mbili za sukari, sabuni ya mche na kanga ya mama. Anajua nani amefiwa na nani ana deni. Tunamkaribisha kwa moyo mweupe, kwa kuwa tumekuzwa na usemi kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena kumpeleka mtoto kulelewa kwa ndugu ni desturi njema. Wengi wetu tuliosoma tulisoma hivyo, tukilala sebuleni kwa mjomba na kuchota maji kabla ya kwenda shule. Sitaki mtu aisome sura hii akaanza kuwafungia watoto ndani. Ninachotaka ni masikio yetu yajue tofauti ya lugha ya ndugu na lugha ya dalali, maana dalali amejifunza kusema kama ndugu.

Sikiliza ahadi ilivyofumwa. "Nyumba ni nzuri, wana watoto wawili tu. Atasaidia kazi ndogondogo, jioni atapelekwa cherehani. Mshahara tutaongea akishafika." Kila kitu kina picha, hakuna chenye anwani. Muulize hiyo nyumba iko mtaa gani, atajibu Dar es Salaam. Muulize jina la mwenye nyumba, atajibu ni mama mmoja mcha Mungu sana. Mtu anayemchukua mtoto wa mwenzake kwa nia njema hujibu maswali haya bila kuombwa. Yeye ndiye anayekutajia mtaa, kanisa au msikiti wanaosali, na namba ya mume wake.

Halafu kuna haraka. Basi ni kesho alfajiri, nafasi imebaki moja, kuna binti mwingine wa Laela anasubiri. Haraka hiyo ina kazi yake: inazuia baba aliyeko shambani asiulizwe, na mwalimu asisikie.

Baada ya haraka inakuja siri, na siri hapa kwetu ina nguvu ya pekee. Jina la Sumbawanga, kama wazee wanavyolieleza, ni kutupa uchawi. Katika mji wenye jina hilo, mtu akikunong'oneza, "Usimwambie mtendaji wala majirani, watu wana husuda, watamharibia mtoto safari yake," hakuna wa kumbishia. Mama mwenye akili timamu atanyamaza miezi sita ili kumlinda mwanawe, kumbe ukimya ndio unaomlinda mchukuaji. Dalili hii naiweka juu ya nyingine zote. Safari ya heri haiharibiki kwa kuandikwa ofisi ya kijiji.

Na kuna umri. Mtoto anafundishwa usiku mmoja tu: ukiulizwa, una miaka kumi na tisa. Au: ukiulizwa, mimi ni mama yako mdogo. Kondakta mwenye watoto wake huigundua hii mapema. Anamuuliza binti jina la huyo mama mdogo, na binti anamtazama mama mdogo usoni kabla ya kujibu.

Nauli hulipwa na mchukuaji, na ndiyo inayowafanya wazazi washukuru. Lakini hiyo nauli ndiyo fundo la kwanza la kamba. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, kupitia Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, ni zaidi ya kilometa 1,000. Binti akifika, daftari linafunguliwa: nauli, chakula cha njiani, ndala, magauni mawili, hela ya aliyekuleta. Tuseme jumla ni shilingi 150,000, na mshahara alioahidiwa ni 40,000. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilitaja kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, lakini yeye hajaisikia. Miezi minne ya kwanza anafanya kazi bure. Mwezi wa tatu anavunja glasi, inaandikwa. Wa nne anaumwa malaria, dawa inaandikwa. Mwezi wa tano anaambiwa mshahara "nakutunzia, utaukuta wote pamoja ukiondoka." Hakuna aliyemfungia mlango. Deni limeufunga.

Kwa wavulana sura ni nyingine, daftari ni lilelile. Wapo wanaoshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda kuchunga ng'ombe bonde la Ziwa Rukwa kwa ahadi ya ndama mwisho wa mwaka. Mwaka ukikaribia kuisha, ng'ombe mmoja anadaiwa kupotea, na ndama anafidia. Wapo wanaokwenda kwenye tumbaku Tabora na Chunya, na kwenye kambi za dagaa, ambako malipo ni baada ya msimu na chakula kinakatwa humohumo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto walivyokuwa wakifanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu Chunya, Geita na Kahama, wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Si kila mtoto wa machimboni aliuzwa. Wengi wanatoka vijiji vya jirani na kwao wanarudi jioni kulala. Swali letu linawatenganisha vizuri: huyu akichoka, anaweza kuondoka leo na ujira wake?

Simu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu wazazi wengi wakishasikia sauti ya mtoto hujiambia yuko salama. Hebu tusikilize simu moja. Simtaji binti huyu jina, kwa kuwa ni wengi na wote wanazungumza hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama."

"Unakula?"

"Nakula mama."

"Kazi unaionaje?"

"Nzuri."

"Mbona sauti imepungua? Unaumwa?"

Kimya kidogo. Kikombe kinawekwa mezani, karibu mno na simu.

"Siumwi mama. Naomba nikuage, nina kazi."

Mama anakata simu akiwa na raha. Amemsikia. Lakini rudia mazungumzo hayo polepole. Mama huyu na mwanawe maisha yao yote wamezungumza Kifipa. Kiswahili walikiacha kwa mwalimu, muuguzi na mgeni. Leo mtoto amesalimia kwa Kiswahili na kuaga kwa Kiswahili, kwa sababu aliyeshika simu anataka kuelewa kila neno. Ile sauti ya mbali yenye mwangwi inaonyesha simu imewekwa spika mezani. Kile kikombe kina mwenyewe. Na mtoto hakuuliza chochote: hakumuuliza mdogo wake, wala kama mvua zimekuja. Mtoto aliye mbali na kwao huuliza. Anayesimamiwa hujibu tu.

Jaribu kumsemesha Kifipa. Simu ikikatika, au akijibu "hapa tunaongea Kiswahili mama," umeshapata jibu. Tazama pia namba: je, amewahi kukupigia kwa laini yake, au kila mara ni namba ya mwajiri, siku ambayo mwajiri ametaka? Na kabla hajaondoka, kubalianeni swali la kipumbavu ambalo wengine hawatalielewa. Nyumba ambayo haijawahi kufuga mbuzi inaweza kukubaliana kuwa mtoto akiuliza, "Yule mbuzi mweusi ameshazaa?" maana yake ni njooni mnichukue. Namba ya nyumbani ikae kichwani mwake, aweze kuitamka hata akiwa na usingizi, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Huko mjini jirani naye ana macho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kama msichana wa nyumba ya pili anafagia uwanja saa kumi alfajiri na taa ya jikoni kwake inazimwa saa tano usiku, mwezi baada ya mwezi, umeona jambo. Kama anatumwa dukani na kuhesabiwa dakika, kama hajaonekana ibadani wala sokoni peke yake, kama ukimuuliza kwao anasema "mbali" bila kutaja jina la kijiji, umeona zaidi. Msalimie. Mtajie Sumbawanga, Matai, Namanyere, Laela, uone jina gani linamfungua uso.

Wakubwa nao wanauzwa. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilichapisha ushuhuda wa wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti zilizochukuliwa na waajiri, mishahara isiyolipwa, vipigo. Walikuwa watu wazima, wengi walikwenda kwa hiari na wakasindikizwa na ndugu. Utaratibu wa kafala ulimpa mwajiri mamlaka juu ya kibali cha mfanyakazi cha kukaa nchini, na swali letu likabaki lilelile, ila nauli ya kurudi sasa ni tiketi ya ndege na hati iliyofungiwa kabatini kwa mtu mwingine. Duniani kote, makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na wenzake yalihesabu watu milioni 27.6 waliokuwa katika kazi za kulazimishwa mwaka 2021. Idadi ni kubwa mno kumhurumia mtu mmoja ndani yake, ndiyo maana nimeirudisha kwenye simu ya yule mama.

Ukiona dalili, usimvamie mtu stendi kwa kelele. Umati wenye hasira huumiza asiye na hatia, na mchukuaji halisi hupotea katikati ya vumbi pamoja na mtoto. Usipige picha ya binti ukaitupa kwenye makundi ya WhatsApp. Uso wake utabaki humo akiwa na miaka thelathini. Kariri namba ya basi, saa, nguo, mwelekeo. Piga 116, namba ya simu kwa mtoto, haina malipo, au 112 ya polisi. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, halmashauri ina afisa ustawi wa jamii, na kijiji kina mtendaji. Basi lililoondoka Sumbawanga alfajiri bado lina Laela na Tunduma mbele yake kabla halijauacha ukanda wetu, na simu hufika kabla ya basi.

Kuna lango jingine ambalo halina polisi. Wapo mabinti wanaopata upenyo wa kutoroka na hawautumii, kwa sababu wanaogopa macho ya kwao kuliko ngumi za tajiri. Aliondoka akisindikizwa na kitongoji kizima. Atarudije na ndala zilezile? Swali la "umetuletea nini?" linaulizwa kwa utani mlangoni, na halina utani kwake. Nimeona mji unavyomnyamazia mtoto aliyerudi mikono mitupu, halafu unashangaa anapoondoka tena na mchukuaji yuleyule. Kama yupo wa kwako huko, mtumie ujumbe leo, kwa namba yoyote uliyonayo, kwamba kitanda chake kipo na shule bado inampokea.

Na kwa ofisi za vijiji napendekeza kitu kidogo kisichohitaji mradi: daftari la kurasa mia, la dukani. Kila mtoto anayesafirishwa kwenda kufanya kazi au kulelewa aandikwe kabla ya safari, mbele ya mzazi, mchukuaji na mtendaji. Jina na umri kama cheti kinavyosema. Anakokwenda, hadi mtaa. Namba ya mwenyeji, ipigwe palepale na ipokelewe. Picha au nakala ya kitambulisho cha anayemchukua. Kisha mchukuaji aache nauli ya kurudi kwa mtendaji, iandikwe kiasi chake na itiwe sahihi. Mwenye nia njema atashangaa, pengine atanung'unika, lakini ataiacha. Mwingine atakumbuka ana dharura na kwamba basi linamwacha.

Upande wa kulia wa ukurasa ibaki safu moja tupu, isijazwe na mzazi wala mtendaji. Ataijaza mtoto mwenyewe, kwa mwandiko wake, tarehe aliyorudi.